Siam Mezani: Historia ya Vyakula vya Wathai

Wali ndio mlo wa Wathai. Vingine vyote ni vitoweo vya kulia wali. Mpangilio huo ni wa kale kuliko jina la nchi. Jiwe la maandishi linalohusishwa na Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, lenye tarehe ya mwaka 1292, hutaja samaki wa majini na mpunga wa mashambani kuwa dalili za neema ya ufalme. Wanazuoni wamebishana sana kuhusu umri halisi wa jiwe hilo, lakini juu ya mlo hakuna ubishi. Bonde la mto Chao Phraya hufurika kila msimu wa mvua. Maji yakipanda, mpunga hukua na samaki huzaliana humo humo mashambani; yakishuka, watu huvuna vyote viwili kwa pamoja. Samaki wengi kwa mkupuo mmoja, katika nchi ya joto kali, wasipohifadhiwa huoza. Ndiyo maana ufundi wa kwanza wa jikoni mwa Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, ulikuwa kutia chumvi na kuchachusha.

Bara, samaki wa mtoni na wa mabwawani walipangwa mitungini pamoja na chumvi na pumba au mchele uliokaangwa, wakaachwa miezi kadhaa hadi wakawa pla ra. Pwani, uduvi walichanganywa na chumvi, wakaanikwa juani, wakapondwa na kufungiwa hadi wakawa kapi, rojo zito la rangi ya zambarau lenye harufu inayotangulia mlango wa nyumba. Dagaa wa baharini waliolazwa katika chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi walitoa maji ya rangi ya chai, nam pla, ambayo leo hushika nafasi ya chumvi katika karibu kila chungu cha Wathai. Aliyezoea papa mkavu au ng'onda hatashtushwa na vitu hivi, ingawa kapi huweza kumtoa jasho hata yeye.

Kutokana na kapi kulizaliwa kitoweo ambacho, kwa haki, ndicho kingestahili kuitwa chakula cha taifa: nam phrik. Kapi hutwangwa kinuni pamoja na vitunguu saumu na pilipili, ikakamuliwa ndimu na kutiwa sukari kidogo ya mnazi au ya mtende. Huliwa kwa wali, mboga mbichi au zilizochemshwa, na samaki wa jamii ya vibua aliyekaangwa. Chumvi, uchachu, utamu na ukali hukutana katika kibakuli kimoja, na mizani hiyo ndiyo mpishi wa Kithai anayoitafuta katika kila chakula kingine. Kinu cha jiwe na mchi wake vilikuwa kipimo cha jikoni: husimuliwa kwamba mchumba alipimwa kwa mlio wa mchi wake kabla hajapimwa kwa chochote kingine.

Chombo kingine cha kale ni mbuzi ya kukunia nazi, ambayo huko ilichongwa kwa umbo la sungura. Nazi ilitoa tui zito na tui jepesi kama inavyotoa pwani ya Afrika Mashariki, ila matumizi yalipishana. Mpishi wa Lamu au Unguja huanza na tui la pili na kumalizia kwa kasimile. Mpishi wa Bangkok hutanguliza kasimile chunguni, huichemsha hadi mafuta yajitenge, kisha hukaangia viungo vilivyotwangwa ndani ya mafuta hayo. Nyama na tui jepesi hufuata baadaye. Ndiyo sababu mchuzi wa Kithai huwa na matone ya mafuta yenye rangi yanayoelea juu yake, na mpishi hujisifia jambo hilo badala ya kuyaengua.

Hadi karne ya 16 ukali wa vyakula hivi ulitokana na pilipili manga, tangawizi na galanga, mzizi wa jamii ya tangawizi wenye harufu ya msitu. Pilipili nyekundu haikuwepo, kwa sababu ilikuwa bado Amerika. Wareno waliiteka Malaka mwaka 1511, na mwaka huohuo wakatuma mjumbe, Duarte Fernandes, katika mji wa Ayutthaya uliokuwa makao makuu ya Siam tangu 1351. Mtandao uleule wa meli uliopita Kilwa, Mombasa na Goa ndio uliosambaza mazao ya Amerika katika pwani zote za Bahari ya Hindi na mbele yake: pilipili, papai, muhogo, karanga, nanasi. Huko Siam pilipili ilienea hadi ikasahaulika kwamba ilikuwa mgeni. Ukwaju, tindikali nyingine kuu ya mapishi hayo, nao una safari yake: mti huo asili yake ni Afrika, na ulivuka bahari kuelekea Asia karne nyingi kabla ya Wareno.

Picha bora ya mlo wa kawaida wa Ayutthaya imeachwa na Simon de La Loubère, mjumbe wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliyekaa Siam kuanzia mwishoni mwa 1687 hadi mwanzoni mwa 1688 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1691. Aliona watu wanaotosheka na ratili moja ya mchele kwa siku na samaki kidogo, mkavu au wa chumvi. Nyama ilikuwa nadra. Mezani mwa matajiri na mabalozi mambo yalikuwa mengine, maana Ayutthaya ilikuwa bandari ya Wachina, Wajapani, Waajemi, Wamalai, Waholanzi na Wareno, kila kundi na mtaa wake, na kila mtaa na chungu chake.

Kutoka mitaa hiyo yalitoka mambo mawili yaliyobaki hadi leo. La kwanza ni vitamutamu vya viini vya mayai. Vitamutamu vya asili vya Siam vilifanywa kwa unga wa mchele, nazi na sukari ya mtende. Yai halikuwa na kazi humo. Wareno, kinyume chake, walikuwa na mapishi ya watawa ya kuchemsha viini katika shira. Mapokeo ya Kithai huyahusisha mapishi hayo na Maria Guyomar de Pinha, mwanamke Mkatoliki wa Ayutthaya mwenye damu ya Kijapani na Kireno, aliyeolewa na Constantine Phaulkon, Mgiriki aliyepanda cheo hadi kuwa mshauri mkuu wa Mfalme Narai. Mwaka 1688 Narai aliugua, mapinduzi yakatokea, Phaulkon akakatwa kichwa. Mjane wake alifungwa na kuteswa, kisha akaishia kufanya kazi katika jiko la ikulu, ambako hatimaye alipewa usimamizi. Foi thong, nyuzi nyembamba za kiini zilizomiminwa katika shira inayochemka, ni ndugu wa nyuzi za mayai zinazotengenezwa Ureno hadi sasa. Japani pia wanazo, zilizoletwa na Wareno haohao. Huenda mwanamke mmoja amebebeshwa sifa ya mtaa mzima wa Wareno. Vyovyote iwavyo, rangi ya dhahabu ya vitamutamu hivyo iliwafanya Wathai wavione kuwa vya heri, na hadi leo harusi bila foi thong, thong yip na thong yot huonekana pungufu.

La pili ni mchuzi wa massaman. Mwanzoni mwa karne ya 17 alifika Ayutthaya mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, Sheikh Ahmad, aliyeingia katika utumishi wa mfalme na kuanzisha ukoo wa Bunnag, mojawapo ya koo zilizokuja kuwa na nguvu sana Siam. Waislamu wa Kiajemi, Kihindi na Kimalai walileta viungo vikavu vya kukaanga: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, kungumanga na basibasi. Wapishi wa Siam walivitwanga pamoja na vyao, yaani mchaichai, galanga, vitunguu vidogo vyekundu na kapi, wakapikia nyama kwa tui, ukwaju na karanga. Viazi mviringo vikaongezwa baadaye. Mswahili akifunua chungu cha massaman atatambua nusu ya harufu, maana ni harufu ya pilau, na nusu nyingine itamchanganya. Mchuzi huo ulikwishaheshimika ikuluni kufikia mwaka 1800 hivi, kwa kuwa mwanamfalme aliyekuja kuwa Rama II, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824, aliusifia katika utenzi wake wa mapenzi unaotaja vyakula vya mpenzi wake kimoja baada ya kingine. Utenzi huo umekuwa shahidi muhimu kwa wanahistoria wa mapishi, kwa sababu kabla yake ikulu ilikula sana na kuandika kidogo.

Mwaka 1767 jeshi la Burma liliiteketeza Ayutthaya. Aliyekusanya mabaki ya ufalme, Taksin, alikuwa mtoto wa Mchina wa jamii ya Teochew, na chini yake Wateochew walihamia kwa wingi. Mfalme Rama I alipojenga Bangkok mwaka 1782, Wachina waliokuwa wakiishi mahali pa ikulu mpya walihamishiwa Sampheng, mtaa ambao mpaka leo ndio moyo wa vyakula vya Kichina mjini humo. Karai la chuma, moto mkali, mafuta ya nguruwe, soya, tofu na tambi za mchele viliingia kwa njia hiyo. Kabla ya karai Wasiamu walichemsha, walichoma na walitwanga. Kukaanga haraka haraka ni somo walilofundishwa na wauza chakula wa mitumbwini na wa mabega, waliobeba jiko upande mmoja wa mti na bakuli upande wa pili.

Mkataba wa Bowring wa mwaka 1855 kati ya Siam na Uingereza ulifungua biashara ya nje, na mchele ukawa bidhaa kuu ya kusafirishwa. Vinu vya kukoboa vilijengwa kando ya mto, vibarua wa Kichina wakafika kwa maelfu, na watu hao walihitaji kula haraka na kwa bei nafuu. Chakula cha mtaani ambacho wageni hukiona kuwa ndiyo Thailand yenyewe kilianza hivyo, kama chakula cha vibarua wa bandarini.

Wakati huohuo ikulu ilikuwa ikienda upande mwingine. Katika nyumba za wanawake wa kifalme, mboga zilichongwa kuwa maua, samaki waliondolewa miba bila kuharibiwa umbo, na ukali wa pilipili ulipunguzwa. Hadi katikati ya karne ya 19 watu wote, mfalme na mkulima, walikula kwa mkono wa kulia. Kijiko na uma viliingia kutoka Ulaya katika enzi za Rama IV na Rama V, lakini kisu kiliachwa nje kwa kuwa nyama hukatwa jikoni. Uma husukuma, kijiko ndicho kinachokwenda mdomoni. Vijiti vya Kichina hutumika kwa tambi tu. Mgeni anayevidai ili alie wali huwachekesha wenyeji bila kujua. Mwaka 1908 bibi wa tabaka la juu, Plian Phasakorawong, alianza kuchapisha Mae Khrua Hua Pa, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kikubwa cha mapishi ya Kithai. Kwa mara ya kwanza siri za nyumba za wakubwa zilikuwa na vipimo, na mke wa karani wa serikali aliweza kuzipika.

Mambo hayo yote ni ya Bangkok na bonde lake. Kaskazini palikuwa na ufalme mwingine, Lanna, uliojenga Chiang Mai mwaka 1296 na kukaa chini ya Burma kwa zaidi ya karne mbili kuanzia 1558. Huko hakuna minazi mingi wala bahari. Chakula kikuu ni mchele wa kunata, unaopikwa kwa mvuke na kuliwa kwa vidole, na michuzi yake kwa kawaida haina tui. Kaeng hang le, mchuzi wa nguruwe wenye tangawizi nyingi na vitunguu saumu vya achari, ni urithi wa Waburma. Khao soi, tambi za ngano katika mchuzi wa binzari, zikiwa na tambi nyingine zilizokaangwa juu yake, ndimu na mboga ya kuchachushwa pembeni, husafiri kwa jina la chakula cha Chiang Mai, lakini ililetwa na Waislamu wa Yunnan waliopita na misafara ya nyumbu kati ya Uchina, Burma na Siam. Ndiyo maana khao soi ya asili ni ya kuku au ng'ombe, na baadhi ya maduka yake ya kale yako jirani na Msikiti wa Ban Haw. Tui liliongezwa baadaye.

Kusini ni habari nyingine tena, na ukali wake hauna huruma. Manjano mabichi hutiwa karibu katika kila mchuzi, na kaeng tai pla, unaopikwa kwa matumbo ya samaki yaliyochachushwa, humtenga mwenyeji na mgeni kwa kijiko kimoja. Waislamu wa mikoa ya mpakani na Malaysia hupika khao mok kai, wali wa manjano na kuku, ambao Mswahili yeyote ataujua kuwa ni jamaa wa biriani kabla hajaambiwa.

Isan, nyanda kavu za kaskazini-mashariki zenye watu wa asili ya Lao, ilidharauliwa na Bangkok kwa muda mrefu, na chakula chake kikadharauliwa pamoja nayo. Udongo wake hauna rutuba na mvua yake si ya kuaminika, hivyo watu walikula walichopata: samaki wa mabwawa, vyura, wadudu, majani ya porini, pla ra. Papai, mgeni wa Amerika, lilikubali udongo ule. Papai bichi lilikatwa nyuzi nyembamba likapondwa kidogo kidogo katika kinu cha udongo pamoja na pilipili, vitunguu saumu, ndimu na maji ya pla ra, na hiyo ndiyo som tam. Reli ilifika mji wa Khorat huko Isan mwaka 1900 na ule wa Ubon mwaka 1930; mwaka 1958 barabara ya Mittraphap, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, iliunganisha nyanda hizo na bonde la Chao Phraya. Kila ukame ulipopiga, vijana wa Isan walipanda treni na mabasi kwenda Bangkok kujenga maghorofa, kuendesha teksi na kufanya kazi za ndani, wakaenda na vinu vyao. Bangkok iliibadilisha som tam kwa kutoa pla ra na kuweka karanga, uduvi mkavu na sukari, na toleo hilo la kistaarabu ndilo linaloitwa som tam ya Kithai. Toleo la Isan lina nguvu zaidi, na ladha yake ni bora. Pamoja nalo walikuja kuku wa kuchomwa na larb, nyama iliyokatwakatwa ikachanganywa na ndimu, nanaa na unga wa mchele uliokaangwa.

Chakula kinachofahamika zaidi duniani kwa jina la Thailand ndicho kichanga na ndicho chenye siasa nyingi. Mwaka 1939 Waziri Mkuu Plaek Phibunsongkhram, mwanajeshi, alibadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand, na kati ya mwaka huo na 1942 serikali yake ilitoa amri 12 za utamaduni kuhusu lugha, mavazi na mwenendo wa raia. Vita vilikuja, na mwaka 1942 mafuriko makubwa yaliikumba Bangkok. Serikali ilihimiza watu wale tambi, ili mchele mdogo ulioko ulishe wengi, na wauze tambi, ili biashara ndogo ndogo isibaki mikononi mwa Wachina. Tambi za mchele za kukaanga zilikuwa za Kichina kabisa. Zikatiwa ukwaju, sukari ya mtende, nam pla na uduvi mkavu, zikaongezwa choroko zilizochipua, yai, tofu na figili ya chumvi, zikanyunyiziwa karanga, na jina la taifa likabandikwa juu yake: phat thai. Husimuliwa kwamba ilibuniwa katika nyumba ya Phibun mwenyewe, jambo lisilo na uhakika. Kilicho wazi ni kwamba chakula cha wahamiaji kilivalishwa bendera na serikali iliyokuwa ikiwabana wahamiaji haohao. Hilo haliondoi utamu wake. Karai likiwa na moto wa kutosha, phat thai huwa chakula cha heshima.

Baada ya vita mambo yalikwenda kasi. Phat kaphrao, nyama iliyokaangwa na pilipili na majani ya jamii ya kivumbasi, ilienea katika migahawa ya mitaani na kuwa mlo ambao mtu huagiza akikosa la kuagiza. Mwaka 1959 serikali ilitoa kwa wakulima mbegu ya Khao Dawk Mali 105, mchele wa kunukia ambao ulibeba jina la Thailand hadi madukani mbali sana. Mwaka 2002, wakati ambapo migahawa ya Kithai duniani ilikadiriwa kuwa 5,500 hivi, serikali ilianzisha mpango wa kuizidisha kwa kutoa mikopo, kufundisha wapishi na kusaidia upatikanaji wa viungo. Ni wazi kwamba somo la Phibun halikusahaulika.

Tom yam kung, supu ya kamba yenye mchaichai, galanga, majani ya ndimu na pilipili, ni ya wakazi wa kando ya mito ya bonde la kati, waliookota nusu ya viungo vyake nyuma ya nyumba. Umaarufu wake ulifikia kiasi kwamba mtikisiko wa uchumi ulioanzia Thailand Julai 1997 na kuiangusha nusu ya Asia uliitwa kwa jina lake. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza supu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Anayetaka kuonja vyakula hivi kwa kufuata umri wa kila kimoja aanze na nam phrik ya kapi na wali mtupu, apite kwenye massaman na foi thong, aende Chiang Mai kwa khao soi na Isan kwa som tam yenye pla ra, na phat thai aiweke mwisho. Migahawa mingi ya nje ya Thailand humpangia mgeni kinyume cha hivyo, na nam phrik mara nyingi haimo kabisa katika orodha yake.